Kwa Atakayekalia Kiti Changu

Jambo la kwanza: kiti kinayumba upande wa kushoto,
nimekitia kadibodi. Usiitoe.
La pili: nywila anayo Ndeonasia wa uhasibu.
La tatu ni refu kidogo.

Nilifika hapa Vingunguti na shahada mpya,
nikajenga dashibodi ya kurasa kumi na nne.
Maduara kumi na moja, kila moja limekatwakatwa
kama chapati ya nyumba yenye watoto wengi.
Nikaweka na mishale ya kupima mwendo,
utadhani mauzo ya unga ni gari linalokwenda Chalinze.
Nilijipongeza kwa soda.

Baada ya miezi minane nikahesabu walioifungua.
Watu wawili.
Mmoja mimi.
Mwingine fundi wa mtandao, akiangalia kama bado inafunguka.

Wiki hiyo mafuta ya lita tano yakaisha ghalani,
Tandika wanapiga simu, Gongo la Mboto wanapiga simu.
Nikashuka na kompyuta mkononi, kutetea chati zangu.
Mwasiti, mtunza stoo, hakubishana.
Akafunga mlango, nikaona nyuma yake
ubavu wa boksi la sabuni, umepigiliwa misumari miwili:
Kilichopo. Kinachotoka kwa siku. Siku zilizobaki.
Mistari sita ya wino mzito,
na siku zikishuka chini ya nne, anazizungushia.
"Mafuta niliyazungushia Ijumaa," alisema.
"Hukuja kuona."

Mali bila daftari hupotea bila habari,
tumelelewa na msemo huo, nami siupingi.
Ila hakuna aliyeniambia kwamba daftari lenyewe
laweza kunenepa hadi mali ikapotelea ndani yake.

Basi kabla ya kuchora, shuka. Uliza:
asubuhi ukifika, unataka kuamua nini?
Usiulize wangependa kuona nini;
wataagiza kila kitu, kama mwenye njaa mbele ya pilau la harusini.

Uliza pia "mauzo" maana yake nini.
Kwa vijana wa sokoni, mteja akisema ndiyo.
Kwa dereva, mzigo ukishuka.
Kwa Ndeonasia, shilingi zikiingia benki.
Nimekaa vikao vitatu watu wakigombania namba
zote sahihi.
Maana tuliyokubaliana iko chini ya kichwa, kwa herufi ndogo.
Usiifute hata nafasi ikikubana.

Bwana Mbwambo hatofautishi nyekundu na kijani.
Mwaka mzima alitikisa kichwa kikaoni, kwa adabu tu.
Tumia bluu na rangi ya chungwa. Andika na neno.

Nguzo zianzie sifuri.
Zangu nilizianzisha mia tisa, ongezeko dogo
likasimama kama mnazi kando ya mchicha,
tukaagiza magunia mia tatu ya ziada.
Fukusi walishukuru.

Namba isiyo na saa ni samaki wa Feri:
itazame macho kwanza.

Na usichokijua, kiache wazi. Usijaze sifuri.
Mbagala walikosa mtandao siku mbili,
sifuri zangu nusura zimfukuzishe kazi kijana wa watu.

Siku hizi ukurasa ni mmoja, mistari sita,
Mwasiti anaufungulia kwenye simu yake yenye ufa.
Ila lile boksi hakulibandua.
Mwezi uliopita dashibodi ilisema katoni arobaini na moja,
boksi likasema thelathini na nane.
Tukavua viatu, tukapanda juu ya mzigo, tukahesabu kwa vidole.
Thelathini na tisa.

Yeye akasahihisha kwa wino, mimi nikarudi juu
kutafuta katoni mbili nilizozizua.
Moja nimeipata. Nyingine nakuachia.

Kadibodi zote mbili, ya kiti na ya mlango,
usizitoe.